Karatasi Haidanganyi

Dukani kwa Madamu hukuwa na haki ya kusema ngozi yako ikoje. Ungeweza kuwa umeishi nayo miaka hamsini, umeiogesha na kuikuna mwenyewe, lakini ukishavuka kizingiti ulikalishwa kwenye kiti kirefu chini ya taa nyeupe, ukabandikwa karatasi laini kwenye paji la uso, puani na mashavuni, kisha karatasi ikainuliwa kwenye mwanga. Ikiwa na madoa ya kung'aa kila mahali, wewe ngozi yako ni ya mafuta. Ikiwa na madoa katikati tu, wewe ni mchanganyiko. Ikitoka kavu, wewe ni mkavu, na wakavu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mteja akibisha, akasema mbona mimi nikiamka uso unakauka, aliambiwa kwa upole kwamba ngozi yake inamdanganya, ila karatasi haidanganyi.

Msichana aliyekuwa akizibandika karatasi hizo aliitwa Kioo. Jina alipewa na Madamu mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, alipomshika kidevu, akamgeuza kulia na kushoto, akasema huu uso ndio kibao cha duka langu, siku ukiota chunusi na mimi nafunga. Kioo alicheka, alidhani ni utani. Miezi miwili baadaye mwenzake wa pale kaunta alitoka vipele kidevuni, akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka vipone. Vilipona, lakini hakuna aliyemwita tena. Tangu hapo Kioo aliamka kila asubuhi akajipapasa uso kabla ya kufungua macho, na akikuta hauna kitu ndipo alipoweza kumsalimia mtu.

Nyumbani walikuwa watatu. Baba yake alikuwa fundi saa, na fundi hasa, wa kufungua saa ndogo kama kifungo cha shati na kuirudisha bila kubakiza skrubu. Lakini ni nani siku hizi anavaa saa? Watu wanatazama simu. Alikaa barazani na meza yake na lenzi yake ya jicho moja, na majirani wakimuuliza kazi inaendaje alisema saa pekee inayomsumbua ni saa ya kula. Mama yake alikuwa mfagiaji katika jengo la ofisi la ghorofa tisa. Miaka kumi na minane alikuwa akisugua ngazi, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, hata watu wa ofisini wakasahau jina lake, wakamwita Mama Ngazi.

Dawa ya kusafishia ngazi hizo ilikuwa kali. Ukifungua dumu lake unageuza uso kwanza, kisha unamimina. Miaka yote hiyo ilikuwa imeingia kifuani mwa Mama Ngazi kidogokidogo, na sasa akipanda ghorofa mbili anashika ukuta, akilala anapiga miluzi. Daktari wa zahanati hakumzungusha. Alimwambia, mama, ama uziache dawa hizo, ama zikuache huna kifua. Alisema hivyo akiwa anaandika, bila kuinua kichwa, akaita anayefuata. Mama Ngazi alirudi kazini siku hiyohiyo kwa sababu daktari hakumwambia akishaziacha atakula nini.

Basi Jumatatu moja msimamizi wa wafagiaji akamvuta pembeni. Mhudumu wa chai wa ghorofa ya tisa, kule kwa wakubwa, alikuwa anastaafu. Kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha maji, kupanga vikombe, kuingia na sinia na kutoka bila mtu kutambua kwamba umeingia. Hakuna ndoo wala dawa, na chumba cha chai kina dirisha linalofunguka. Walitajwa wawili, yeye na mwenzake wa ghorofa ya tatu, ambaye alimzidi umri kwa miaka kumi. Jumatatu ijayo kila mmoja angewahudumia wakubwa chai kikaoni, nao wangechagua. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alitazama huku na huku, akasema, "Kazi unaiweza, Mama Ngazi, na heshima unayo. Lakini kule juu wanatazama uso. Wa kwako umechoka. Jitengeneze kidogo wiki hii."

Mama Ngazi aliibeba habari hiyo nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Dirisha linalofunguka, alirudia mara mbili, na mumewe akaweka bisibisi chini ili amsikilize vizuri.

*

Kosa lilifanyika jioni hiyohiyo, na lilifanyika kwa mapenzi matupu.

Kioo aliporudi alimkuta mama yake jikoni ameliinamia karai la samaki, mafuta yanaruka, mvuke unampiga usoni. Aliposikia habari ya ghorofa ya tisa hakuweka hata mkoba chini. Alitoa karatasi zake, akamvuta mama yake hadi mlangoni penye mwanga, akambandika paji la uso, pua na mashavu. Zote zilitoka zimelowa, zinang'aa hata unaweza kuona kiganja upande wa pili.

"Mama, wewe ni wa mafuta," alisema, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. "Tena mafuta sana."

Mama Ngazi alishangaa. Alisema yeye uso wake ni mkavu tangu aanze kazi ile ya dawa, akicheka unavutana, mpaka amezoea kucheka nusu. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya mgando, kikopo kimoja miezi miwili, na bila hayo hatoki. Fundi Saa naye alidakia kutoka barazani kwamba wangemwacha mtu apoe kwanza, hata saa ukiitoa juani haikwambii ukweli. Kioo alicheka. Akamweleza mama yake, kwa sauti ileile ya dukani, kwamba huo ni ukavu wa juujuu, chini kuna mafuta yamejificha, na yeye kwa kujipaka mafuta ya mgando alikuwa anaongeza mafuta juu ya mafuta. Ngozi inadanganya, mama. Karatasi haidanganyi.

Na mama gani atabishana na mwanawe aliyesomea kitu, hata kama kusoma kwenyewe kulikuwa siku tatu nyuma ya kaunta? Kesho yake Kioo alirudi na chupa nne za kijani, za ngozi ya mafuta, ambazo ndizo zilizokuwa na bei kuliko zote pale dukani. Madamu alikubali zikatwe kwenye mshahara wake. Kulikuwa na sabuni ya povu, tona ya kukausha, seramu ya tindikali ya matone matatu, na krimu nyepesi isiyo na tone la mafuta. Kioo aliandika ratiba kwa mwandiko wake mzuri, asubuhi hiki kisha hiki, jioni hiki kisha kile, akaibandika ukutani juu ya beseni. Kikopo cha mafuta ya mgando akakitupa mwenyewe.

Mama Ngazi aliifuata ratiba ile kuliko mgonjwa anavyofuata dozi. Kupima dawa kwa vifuniko ilikuwa kazi yake ya miaka yote, hakukosea hata tone. Nalisema hili mapema ili asije mtu akamlaumu yeye.

*

Siku ya kwanza uso ulikuwa safi na mwepesi, na kazini mtu mmoja alimwambia leo umependeza. Alilirudisha neno hilo nyumbani, akawapa, wakafurahi wote watatu. Siku ya pili, alipofungua dumu la dawa kwenye ngazi za ghorofa ya tano, mashavu yaliwaka ghafla kama amepakwa pilipili. Aliketi kidogo kwenye ngazi. Jioni Kioo alimwambia hiyo ni dalili njema, ngozi inatapika uchafu wake, na ikianza kutapika ujue inapona. Neno hilo nalo lilikuwa la dukani.

Usiku huo ngozi ilianza kutoka magamba pembeni mwa pua na midomo. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Ijumaa, mashavu yalikuwa mekundu na mabichi, na kuzunguka macho kulikuwa na weusi usioelezeka. Akijipaka tona machozi yalimtoka, akayafuta haraka mwanawe asiyaone. Alikuwa anauona ule mwandiko mzuri ukutani, anaona na mshahara uliokatwa, anasema moyoni, mtoto kajinyima, nitaachaje?

Fundi Saa ndiye aliyesema. Alisema mtu akimletea saa imesimama, akaigusa tu ikaanza kutoa moshi, yeye anaweka bisibisi chini. Haendelei kuchokonoa eti itapona.

Kioo alikuwa amechoka, na hofu ilikuwa imeanza kumpanda, na mtu mwenye hofu mdomo wake hauna breki. "Baba," alisema, "wewe mara ya mwisho kuletewa saa ilikuwa lini?"

Fundi Saa alichukua lenzi yake mezani, akaifuta kwa pindo la shati, akatoka nayo nje ingawa hakukuwa na saa yoyote ya kutazama. Mama Ngazi akamwambia binti yake polepole kwamba maneno ni kama maji, yakishamwagika hayazoleki. Halafu akaenda kunawa, kwa sabuni ya povu, kama ratiba ilivyosema.

*

Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaja, Kioo alimweleza Madamu. Alikusudia kusema ni mteja mmoja, lakini sauti ilimsaliti, akasema ni mama yangu.

Madamu hakukasirika. Alikuwa anapanga chupa kwenye rafu, kila moja jina lake likitazama mbele, na aliendelea kupanga. Aliuliza alimpima saa ngapi. Kioo akasema jioni, alipokuwa anakaanga samaki.

"Anakaanga?" Madamu alicheka mpaka akashika rafu. "We mtoto. Hukumpima mama yako, umepima karai."

Kisha akamwambia, kama mtu anavyomwambia mwenzake jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba mtu hupimwa akiwa ameosha uso kwa maji, akakaa nusu saa kivulini bila kujipaka chochote, bila kazi, bila jiko. Hapo ndipo karatasi inasema kweli. Yeye mwenyewe ndivyo alivyojipima, na ndiyo maana yeye hutumia krimu nzito ya wakavu, ile ya kopo la bei ndogo lililokaa rafu ya chini.

Kioo alisimama na karatasi zake mkononi. Kichwani zilimpita sura zote alizozibandika karatasi mwaka mzima, wanawake walioingia wametoka barabarani, wamepigwa na jua, jasho linawachuruzika mpaka shingoni, wakakalishwa moja kwa moja kwenye kiti kirefu.

"Lakini Madamu," alisema, "hapa tunawapima wakitoka juani."

Madamu aliweka chupa ya mwisho mahali pake. Akamtazama kwa muda, si kwa ubaya, kama anayetafakari huyu mtoto alikuwa wapi siku zote. "Ndiyo," alisema. "Hapa ni duka."

Akainama rafu ya chini, akachukua kopo moja la ile krimu nzito, akampa. Alisema hilo ni la bure, mpelekee mama, aache vile vingine vyote. Kioo alishukuru. Mkono wake ulipokuwa bado kwenye kopo, Madamu aliongeza, kwa sauti ya upole kuliko zote alizokuwa nazo, kwamba anamwomba jambo moja tu: mama asije pale dukani na uso ule.

*

Siku mbili haziwezi kurudisha kilichoungua siku tatu. Kioo alimwambia mama yake aache zote, ajipake ile ya kopo tu, na hakumwambia kwa nini. Alibandua ratiba ukutani, akaikunjakunja. Mama hakuuliza. Alisema tu kwamba hii ya kopo inafanana na mafuta yake ya mgando, ila inanukia.

Jumatatu alijaribu kujipaka poda. Ilinasa kwenye magamba, ikawa mbaya zaidi, akanawa. Akavaa sare safi aliyoipiga pasi mara mbili, akapanda hadi ghorofa ya tisa kwa lifti, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane, maana siku hiyo alikuwa na sinia.

Mwenzake wa ghorofa ya tatu alitangulia, na akiwa anamimina alimwaga tone kwenye sahani. Mama Ngazi hakumwaga kitu. Aliingia, akazunguka meza kwa upande unaotakiwa, akamimina vikombe vitatu mpaka usawa mmoja, mpini wa kila kikombe ukaelekea mkono wa kulia wa mtu wake. Ungemwona ungedhani hakuwahi kushika ndoo. Wakubwa wawili walishukuru bila kutazama. Wa tatu alitazama. Alimtazama usoni, akatazama kikombe, kisha kwa kidole kimoja akakisukuma kikombe pembeni kidogo, upana wa kidole tu.

Huko nje kwenye korido bosi wa utumishi alimwuliza, kwa adabu zote, ana ugonjwa gani. Mama Ngazi akasema si ugonjwa, ni krimu tu. Bosi akashusha pumzi. Alisema afadhali ungekuwa ugonjwa. Mwanamke mtu mzima, mwenye binti mkubwa, anajichubua ili iweje? Pale ofisini hawawezi kuweka watu wa mkorogo mbele ya wageni.

Mama Ngazi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku alizopangusa matapishi ya walevi wa sherehe ya mwaka. Yeye, ambaye hajawahi kupaka hata wanja. Alijieleza, kifua kikamkaba katikati ya maneno, akakohoa mpaka bosi akarudi hatua moja nyuma. Mwishowe bosi akalegeza. Alisema haya, kama ni kweli vitu vya duka vimekuunguza, leta barua ya hilo duka. Waandike kwamba si mkorogo, wala si ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba utapona. Uamuzi natoa saa kumi. Bila barua, nafasi inakwenda kwa mwenzako, na wewe utashuka kwenye maegesho ya chini mpaka uso huo utulie, wageni wasikuone.

Maegesho ya chini ndiko dawa zinakochanganywa. Hakuna dirisha hata moja.

*

Alifika dukani saa nane na nusu mchana, kwa miguu, amefunga mtandio mpaka chini ya macho. Hakuwa anajua kwamba amekatazwa kuja. Kioo alikuwa hakulifikisha neno hilo, aliona aibu kulisema, na sasa utaona bei ya aibu.

Duka lilikuwa na wateja wanne. Kioo alikuwa amemwinamia mmoja kwenye kiti kirefu, karatasi iko puani pa mtu. Mama Ngazi alisimama ndani ya mlango, pumzi zinamtoka kwa miluzi, akashusha mtandio ili aweze kuvuta hewa. Mwanamke aliyekuwa karibu naye aliona, akavuta mkoba wake kifuani, akahama upande wa pili wa duka. Mwingine alirudisha rafuni chupa aliyokuwa ameishika.

Madamu aliuona mkono ule ukirudisha chupa. Alitazama mlangoni, na papo hapo alimjua yule ni nani, maana pua ni ileile na macho ni yaleyale. Angeweza kumpeleka ofisini kwa nyuma, akampa maji. Badala yake aliuliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Kioo, huyu mama unamjua?"

Kioo aliinua kichwa. Mama yake alikuwa ameshaanza kufungua mdomo, ana barua ya kuomba, ana saa moja na nusu iliyobaki, ana dirisha linalofunguka. Kioo aliyaona mashavu yale chini ya taa yake mwenyewe nyeupe, taa isiyoficha kitu. Aliwaona wateja wanne wanamngoja. Alimkumbuka yule mwenzake wa vipele.

"Hapana, Madamu," alisema. "Simjui."

Hakuna aliyemshika koo akasema. Nalisema waziwazi, kwa sababu baadaye alijitafutia visingizio vingi.

Mama Ngazi alifunga mdomo. Lilikuwa jambo la sekunde moja, hata wateja hawakulitambua. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupisha watu kwenye ngazi, kwamba samahani, alikuwa anaulizia duka la dawa. Madamu akamwelekeza, mbele kidogo, mkono wa kushoto. Akashukuru. Akapandisha mtandio, akatoka, na Kioo akairudisha karatasi puani kwa mteja wake, ila aliibandika mara mbili mahali palepale na mteja akamwuliza kama ana homa.

Saa kumi ilifika jengoni bila barua yoyote.

*

Jua lilikuwa halijazama Kioo alipofika nyumbani. Mama yake alikuwa kwenye kigoda nje ya mlango, anachambua mchele, na kigoda kilikuwa karibu na meza ya Fundi Saa. Walikuwa wameshaongea, ilionekana. Baba hakuinua kichwa.

Kioo alipiga magoti mbele yake. Alitaka kusema kila kitu kwa pamoja, karai, karatasi, lile katazo la Madamu, lile neno alilolitamka dukani, lakini kilichotoka ni kilio tu. Mama Ngazi aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Mwenzangu kapata," alisema. "Nimempa hongera. Mimi kesho naanza huko chini."

Kioo alisema kesho hiyohiyo angeacha kazi. Angemwambia Madamu ukweli mbele ya wateja wote, kisha angekwenda kwa bosi wa utumishi yeye mwenyewe, apige magoti hata mara mia. Alisema kwa moyo wote, na kama angeachwa pengine angefanya. Fundi Saa aliinua uso, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alimtazama binti yake kama mtu anayemdai kitu na yuko tayari kulipwa.

Lakini Mama Ngazi alikohoa kwanza, kikohozi kirefu cha kukunja mgongo, akangoja kiishe, akafuta midomo.

"Uache kazi tule nini?" aliuliza. "Saa za baba yako? Kifua changu?" Akamshika binti yake kidevu, kwa vidole vilivyopauka kwa dawa, akamgeuza kulia na kushoto kumtazama vizuri. "Nyumba hii imebakiwa na uso mmoja. Nenda kanawe, machozi yatakuharibu."

Fundi Saa alirudisha lenzi jichoni. Kioo alikwenda kunawa.

*

Kesho yake, kwenye saa saba, jua likiwa utosini, aliingia dukani mwanamke wa makamo. Alikuwa na sare ya ufagiaji ya ofisi nyingine, ya rangi nyingine, na alikuwa ametumia mapumziko yake ya chakula ili aje pale. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alieleza kwa haya kwamba ana shughuli ya mtoto wake Jumamosi, kuna watu wakubwa watakuja, na angependa uso uonekane wa mtu.

Kioo alimkalisha, lakini siyo kwenye kiti kirefu. Alimweka kwenye kile cha pembeni, karibu na feni, akampa kikombe cha maji na karatasi ya kujifutia jasho. Akasema tutangoja kidogo. Mwanamke akakaa, akanywa, akafurahi kwamba kuna duka linalompokea hivyo. Dakika tatu zilipita. Zikawa nne.

Kwenye meza yake Madamu aliacha kuandika. Alimtazama Kioo kwanza, kisha akatazama kiti kirefu kilicho wazi, kisha akarudi kumtazama Kioo, usoni, mahali fulani karibu na kidevu, kana kwamba ameona kitu kinataka kuota pale.

Kioo alijipapasa kidevu. Hakikuwa na kitu.

Akamwomba yule mwanamke ahamie kwenye kiti kirefu, akawasha taa, akambandika karatasi kwenye paji la uso, puani na mashavuni. Akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imelowa.

"Ngozi yako ni ya mafuta, mama," alisema.

Mwanamke alishangaa. Alisema haiwezekani, yeye akicheka uso unavutana.

"Ngozi inadanganya," Kioo alimwambia. Aligeuka akatoa kabatini chupa nne za kijani, akazipanga mbele yake, akachukua kalamu na kuanza kumwandikia ratiba, ya asubuhi na ya jioni, kwa mwandiko wake mzuri.